Wiki Mbili za Dunia Nzima

Kilwa Kivinje, baada ya alasiri

Rehema mwanangu,

Salamu zako nitakupa kesho kwa mdomo, mbele za watu, kama ilivyo desturi. Hapa sikusalimu. Nimekaa kuandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Umekwenda Masoko kumuaga shangazi yako, baba yako yuko uani anakufungia machungwa kwenye kiroba, na mimi nimeona heri niandike sasa kabla hujarudi ukaniangalia kwa yale macho yako ya kuomba mambo yaishe.

Mengine utaambiwa na wengine. Baridi ya Iringa, kazi yako mpya ya ukufunzi, chumba cha kupanga, nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa, shangazi yako atakuwa amekuchosha nayo hadi urudi. Mimi nina jambo moja tu, lile ulilolisema juzi tukiwa tunakula mchana.

Ulilisema kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. "Mama, huko chuoni wameshanitia kwenye kamati ya mitaala. Tunapanga upya kozi za mwaka wa kwanza. Historia ya dunia haitakuwa kozi tena, tutaiingiza ndani ya Maadili. Itapata wiki mbili."

Nikakuuliza, "Wiki mbili za nini?"

"Za historia ya dunia."

"Dunia yote?"

"Wanafunzi wenyewe hawaitaki, mama. Na wewe unajua."

Baba yako akakohoa, akasema samaki huyu ana miiba, tule taratibu. Nikanyamaza. Ukadhani nimekubali, ukaendelea kula.

Na mimi unasema najua. Ninachokijua ni siku ile ya mkutano kule Lindi, kwenye chuo chetu cha ualimu, mimi nikiwa mkufunzi na wewe ukiwa msemaji wa wanafunzi. Mkuu wa chuo alikuwa mgeni, mtu wa suti na haraka. Alisema kozi isiyo na soko ni mzigo, na kwamba mwalimu wa sasa anahitaji ujasiriamali, hahitaji habari za watu waliokufa ng'ambo ya bahari. Mwalimu Mkwanda wa jiografia, aliyekula pilau yangu kila Idi, aligeuza uso akatazama dirishani. Wenzangu wote walitazama dirishani. Halafu Mkuu akasema tuwasikie wanafunzi, ukainuka wewe.

Nilifurahi, Rehema. Sikufichi. Nilivuta mtandio wangu nikakaa vizuri, kama mtu anayengoja kusifiwa.

Ukasema, "Mimi nimeisoma kozi hii kwa mama yangu mzazi, kwa hiyo asiseme mtu kuwa nina chuki. Nilikariri wafalme wa Ulaya, nikakariri vita, nikafaulu. Mtihani ulipokwisha sikubaki na kitu. Sisi tunataka ujasiriamali."

Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Mkuu akasema, "Mtoto wa mwenye kozi ameshatoa hukumu." Kozi ilifutwa kabla hatujaletewa chai. Jioni tulikaa wawili kwenye veranda ya nyumba ile ya kupanga, ukanieleza habari za mahafali, nani atavaa nini, kama vile mchana kutwa hakukutokea neno.

Najua ulikuwa unangoja nikugombeze. Sikukugombeza kwa sababu ulikuwa umesema kweli, na mtu akisema kweli mbele ya kadamnasi huna pa kumshika. Kozi ile niliifundisha vibaya. Niliifundisha vibaya kwa kusudi, na kusudi lenyewe sikuwahi kukwambia.

Baba yako ni mtu wa Kipatimu, kule milimani, na kwetu mimi ni hapa Kivinje, watu wa mji tangu na tangu. Habari ya posa yetu unayoijua ni ile tunayoichekea kila mwaka, kwamba gari la wajumbe lilikwama kwenye matope mteremkoni wakafika miguu peku. Hatujawahi kukusimulia walipoingia ndani.

Ami Athumani, ndugu yake baba yangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Wageni wakakaribishwa, wakanyweshwa kahawa. Mimi nilikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia na mabinti wenzangu, tunaziba midomo tusicheke. Ami akasema, kwa ile sauti ya upole ya mtu anayetukana, "Nyinyi ni Waislamu wenzetu, katika hilo hatuna neno. Nauliza tu, tangu lini nyumba hii ikaoza binti mlimani?"

Kisha mzee Mbonde, babu mdogo wa baba yako, akaweka kikombe chini, akaivaa kofia yake sawasawa, akasema, "Kweli, hii ni mara ya kwanza kukutana kwa posa. Zamani mlikuwa mnakuja wenyewe kuchukua, na posa hamkuleta."

Nilichungulia nikamwona Ami anatazama mkeka. Ndoa ilifungwa kwa sababu baba yangu alikuwa hai na alimpenda baba yako, lakini maneno yale yaliniganda. Nilimwendea bibi yangu, alikuwa anachambua mchele.

"Bibi, yule mzee alikuwa na maana gani?"

"Mambo ya waliokufa. Waache wapumzike."

Nikauliza tena. Akaniambia nitoke nje, nimemzibia mwanga.

Wakati huo nilikuwa bado nasomea ualimu. Niliporudi chuoni, mwalimu wetu wa historia ya dunia, mwanamama mkali asiyecheka na mtu, alikuwa amefika kwenye biashara za bahari. Akabandika ramani ukutani. Mimi tangu utotoni nilikuwa naitafuta Kivinje kwenye vitabu vya shule. Nilitaka nione tumetajwa, hata kwa herufi ndogo. Siku ile niliiona. Mishale ilitoka bara, ikapita kando ya milima ya kina baba yako, ikafika Kivinje, na kutoka Kivinje ikaenda Unguja, Pemba, Arabuni, na Bukini, ndiyo Madagaska. Chini yake paliandikwa, biashara ya watumwa. Wenzangu walinakili ramani. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikasimama huko mpaka kipindi kikaisha.

Ami alipokuwa anaugua ugonjwa wake wa mwisho nilimuuliza wazi. Alikuwa hana nguvu za kunifukuza. Akasema, "Babu wa babu yako alikuwa na boma la kuwaweka watu, hapo nyuma penye ukuta. Ndilo lililojenga nyumba hii. Umeuliza, umejibiwa. Sasa nyamaza."

Nikanyamaza, mwanangu. Nikawa mkufunzi, nikakabidhiwa kozi ileile, na kila ilipotaka kusogea karibu na nyumba yetu niliikimbiza Ulaya. Wafalme wa Ufaransa hawanijui wala mimi siwajui, tungeweza kukaa nao muhula mzima bila kuumizana. Nikifika kwenye bahari yetu niliandika sentensi moja ubaoni, "Waarabu walifanya biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki." Kisha nafuta. Wewe uliinakili sentensi hiyo. Usingeweza kubaki na kitu, kwa sababu kitu chenyewe nilikuwa nimekikalia.

Lakini usichangamke mapema ukasema basi mama amekubali. Nyinyi hamkuifuta kozi kwa sababu ilikuwa inaficha. Mliifuta kwa sababu haina soko. Kozi yangu mimi ilistahili kufa, sikatai. Mliyoizika ni nyingine, ile ambayo sikuwahi kuifundisha, na hamkuuliza kama ilikuwa hai.

Na hizo wiki mbili zako si jambo jipya. Tulizijaribu Lindi. Baada ya kozi kufutwa, Mkuu alichukua kurasa chache za maelezo yangu akazitia kwenye somo la Maadili ili wakaguzi wasiulize maswali. Ile sentensi yangu ikawemo. Akatoka nayo Shaibu.

Shaibu unamkumbuka, kijana wa Kikole, aliyeingia chuoni baada yenu na kila Ijumaa alikuwa anakula kwetu. Alipopata ajira alipangiwa shule ya hapa Kivinje. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi nimerudi nyumbani, na wewe uko masomoni. Yaliyotokea hatukukwambia. Baba yako alisema utakosa utulivu wa mtihani.

Shaibu aliandika sentensi ile ubaoni, akawaambia watoto wainakili, akaenda ofisini kusahihisha madaftari. Mapumziko yalipofika, wavulana walimzunguka Nasri, mjukuu wa mzee Seif mwenye duka la vyakula karibu na msikiti. Watu wale babu zao walikuja hapa kutoka Arabuni kuuza halua, na Nasri mwenyewe Kiarabu chake ni cha madrasa kama chako. Walichukua kamba ya kisimani wakamvika shingoni, wakamburuta uwanjani, wakimwambia, "Leo zamu yako." Walimu walipofika mtoto alikuwa ameshapoteza fahamu. Alikaa hospitali muda mrefu. Alipona, ila sauti haikurudi ilivyokuwa. Mzee Seif akafunga duka, wakahamia Mtwara. Ulipokuja likizo uliniuliza mbona duka limefungwa, nikakwambia wamepata biashara kwingine.

Aliyeshika kamba ni Mfaume. Mfaume wetu, mjukuu wa Ami Athumani.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya shule. Nilimkuta Shaibu amekaa peke yake darasani, kanzu yake ina damu ya mtoto. Akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uliwafundisha nini?"

Akanionyesha. Nilipousoma mwandiko wake niliona maneno ni yangu, hata nukta iko pale nilipoiweka mimi.

"Hukuwaambia waliouza ni kina nani? Walionunua je?"

"Haikuwemo, Mwalimu. Mimi nilichopewa ni hicho."

Nilikwenda pale nikiwa nimekusudia kumpiga kofi. Nikakaa kwenye dawati la watoto.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu mkuu kipindi kimoja katika darasa lile. Hakutaka, akasema tuache moto upoe. Nikamwambia moto huu mwenye nao ni mimi. Akanipa. Shaibu alikaa nyuma. Mfaume, ambaye baba yake alikuwa ameshamchapa mpaka hawezi kukaa sawasawa, alikuwa mstari wa mbele.

Sikuandika kitu ubaoni. Niliwaambia, "Babu wa babu yangu alikuwa mtu wa hapa hapa Kivinje, Mswahili kama nyinyi, anaswali kama nyinyi. Aliuza watu. Boma lake lilikuwa nyuma ya nyumba ninayolala mimi. Mfaume, ni babu yako pia."

Mfaume akainua kichwa akanitazama kama nimemvua nguo. Msichana mmoja wa nyuma, mtoto wa muuza mihogo, akauliza, "Aliwauza kwa nani?"

"Wengi walikwenda kwenye mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba."

"Karafuu zikaenda wapi?"

"India, Arabuni, Ulaya. Majikoni kwa watu."

"Na yeye alilipwa nini?"

"Kitambaa. Kile tunachokiita merikani, ambacho mabibi zenu walikivaa na maiti walizikwa nacho."

"Kwa nini kinaitwa merikani?"

Nikawaeleza kilikuwa kinafumwa Amerika, na kwamba pamba yake kwa miaka mingi ililimwa na watu waliotolewa huku huku Afrika, upande wa pili, wakauzwa kule. Mfaume hakunyoosha mkono, alisema tu, taratibu, "Kwa hiyo tuliuza watu ili tupate nguo iliyolimwa na watu waliouzwa."

"Ndiyo."

Akalaza kichwa juu ya dawati. Kengele ilipolia wenzake walitoka, yeye akabaki, na mimi nikabaki naye.

Sikiliza, Rehema. Yale maswali ya mtoto wa muuza mihogo, aliwauza kwa nani, zikaenda wapi, alilipwa nini, hiyo ndiyo kozi. Sina nyingine ya kukupa. Mtoto ameyapanga mwenyewe kwa mpangilio wake, na kila jibu limemtoa Kivinje likampeleka ng'ambo kisha likamrudisha kwenye sanda ya bibi yake. Hebu nieleze hayo utayatia kwenye wiki ipi katika zile mbili.

Na usiniletee ule wimbo wa kwamba historia ya nyumbani inatosha. Ya nyumbani ukiipika peke yake, sote tunatoka mashujaa au tunatoka wenye kuonewa. Mimi nimelishwa hiyo na Ami Athumani maisha yangu yote. Wanafunzi wanapenda kusikia wazee wa kina baba yako waling'oa miche ya pamba ya Mjerumani kule kwao Matumbini. Wapende, ni haki yao. Lakini muulize mmoja wao, Mjerumani aliitakia nini pamba hiyo, ilikuwa inakwenda kiwandani kwa nani, na kwa nini wakati ule na si mwingine. Atakwambia, alikuwa na roho mbaya. Huyo ndiye mwalimu mnayemtengeneza, mtu ambaye akiulizwa chanzo cha jambo anataja roho ya mtu. Mpe kamba na kabila la kulaumu, uone.

Wala usiniambie hawaitaki. Wewe ulipokuwa mdogo hukutaka kwinini, nilikubana pua.

Siku ya pili baada ya kipindi kile, mama yake Mfaume alikuja hapa na kanga mabegani akasimama barazani asiingie. Akasema nimemwaibisha mwanawe kwa mambo ya wafu, na kwamba ningekuwa na adabu ningeyazika na Ami. Nikamwambia Nasri si mfu, na yeye ndiye aliyevikwa kamba. Akaondoka. Tangu hapo upande wetu hawaniiti arusini, na ukiona nikipita kwa kina binamu watu wanaingia ndani, usidhani ni mambo ya mirathi kama ulivyokuwa ukiniuliza.

Baba yako naye alinisikiliza yote, kisha akauliza swali moja, "Mbona umewaambia watoto wa watu kabla ya mwanao?" Nilikasirika nikamwambia asinifundishe kazi. Nilikasirika kwa sababu yeye alikuwa anajua tangu siku ya posa, na hakuwahi kunirushia neno lile hata tulipogombana vibaya. Kwao kuna binti alichukuliwa akienda kuteka maji, na mpaka leo wanapotaja majina ya wazee kwenye dua wanaliweka jina lake mwisho, kwa sababu hawajui alifia wapi. Jina lenyewe ni Rehema. Ulipozaliwa yeye ndiye aliyelichagua, na mimi nikalikubali nikiwa najua.

Kwa hiyo wewe ni wa pande zote mbili. Una damu ya aliyefunga na una damu ya aliyefungwa, na unakwenda kukaa kwenye meza ya watu wanaotaka kuipa dunia wiki mbili kwa sababu haiuziki. Sikwambii useme nini huko. Wewe ni msomi kunizidi, na ulimi wako nimeshauona ukifanya kazi. Nakwambia tu kwamba safari hii hutaweza kusema hukubaki na kitu. Nimekupa, na nimekupa kwa hasira, kwa sababu kwa upole nilishindwa miaka yote.

Wakikushinda kwenye kura, ushindwe ukiwa umesimama. Wakikucheka, wacheke. Ila nikisikia umekaa kimya ukitazama dirishani, usinipigie simu kuniambia habari za hali ya hewa.

Kesho tutakusindikiza mpaka stendi ya Nangurukuru. Nitakubebea mkoba wako mmoja, nitakuombea dua kama mama yeyote, na nitanyamaza. Ukiniona nimenyamaza usije ukadhani nimekusamehe yale ya Lindi. Sijakusamehe, na nakupenda. Ni mizigo miwili, na umeshakuwa mtu mzima, ibebe yote.

Mama yako,
Zuhura